Kupiga Mbizi kwa Mtungi: Mwongozo wa Kuanzia Bwawani Hadi Miamba ya Pemba na Mafia

Asubuhi bahari ikiwa shwari, boti hutoka Nungwi na Matemwe kuelekea kisiwa kidogo cha Mnemba, Unguja, zikiwa zimesheheni mitungi ya hewa. Nahodha ni mtu wa kwetu, aliyejaza mitungi ni mtu wa kwetu, anayewavisha wateja vifaa ni mtu wa kwetu. Wanaoruka majini kujifurahisha, wengi wao ni wageni. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu sioni kwa nini iendelee kuwa hivyo. Mtu wa Tanga, Kisumu, Kampala au Muscat mwenye likizo ya wiki moja na fedha ya kumtosha kwenda mbugani anaweza kupata cheti cha kupiga mbizi, na cheti hicho hakina mwisho wa matumizi.

Furaha yake huwezi kuipata juu ya maji. Dakika ya kwanza mwili mzima unakataa kwamba mtu anaweza kuvuta pumzi akiwa chini. Dakika ya tano umeshatulia, unasikia mapovu yako yakipanda, mbono wanapita kwa mamia juu ya kichwa chako, na pono wanatafuna matumbawe kwa sauti unayoisikia waziwazi, kru, kru, kru. Kasa anakuja, anakutazama, anaendelea na safari yake. Ukiona hayo mara moja tu, utaelewa kwa nini watu huuza vitu vya ndani ili warudi tena.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Nyingine ni fupi, nyingine zinataka utulie.

Hatua ya 1: Jua kuogelea

Watu wengi waliozaliwa karibu kabisa na ufukwe hawajui kuogelea, hasa wanawake, na hapo ndipo safari yao inapokwama. Kozi ya cheti cha kwanza inadai mambo mawili tu: uogelee mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote (au mita 300 ukiwa umevaa miwani, snorkeli, yaani bomba la kupumulia, na mapezi ya miguuni), halafu uelee dakika 10 mahali ambapo miguu haifiki chini. Hakuna anayeshika saa kukupima kasi. Wanataka kuona kama umezoeana na maji.

Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Kampala, tafuta bwawa la hoteli au shule lenye mwalimu, uende kila wiki mpaka mita 200 zisikutishe tena. Usiruke hatua hii kwa kujipa moyo kwamba “jaketi litanielesha”. Jaketi hilo la kujazwa hewa linakuelesha kweli, lakini halikuondolei hofu.

Dada anayevaa hijabu hana kizuizi hapa. Suti ya mpira inafunika kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya mikono na miguu, na ipo kofia ya suti inayoziba nywele zote. Angalia jambo moja tu: kitambaa kisipite chini ya ukingo wa miwani, maana uzi mmoja unatosha kuingiza maji. Ukitaka mwalimu mwanamke, uliza kabla ya kulipa, wapo. Kaka mwenye masharubu manene naye ajue kwamba miwani yake itavuja kidogo hapo juu ya mdomo.

Hatua ya 2: Jibu maswali ya afya kwa ukweli

Kabla ya kukuvisha chochote, kituo kitakupa fomu ya afya. Inauliza kuhusu pumu, kifafa, moyo, kisukari, upasuaji wa kifua au masikio, dawa unazotumia. Mwenye ugonjwa wa seli mundu autaje hata kama fomu haikuuliza kwa jina. Jibu la “ndiyo” halimaanishi umefukuzwa. Maana yake daktari akuone kwanza na kutia saini. Kinachoua ni kuficha. Pafu linaloziba hewa sehemu moja, jambo ambalo nchi kavu linaleta kikohozi tu, linaweza kuchanika ukipanda kutoka mita chache za kina.

Mjamzito asubiri mpaka ajifungue. Mwenye mafua asubiri yaishe, hata kama safari imeshalipiwa, kwa sababu masikio yaliyoziba hayatafunguka chini. Anayetoka Ulaya au Marekani kuja likizo na kumeza dawa ya kuzuia malaria amuulize daktari iwapo ni mefloquine. Dawa hiyo huweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi, na haishauriwi kwa wapiga mbizi.

Hatua ya 3: Onja kabla ya kununua

Karibu kila kituo kina mbizi ya majaribio. Unafundishwa mambo ya msingi kwa muda mfupi, unafanya mazoezi maji ya kifuani, kisha mwalimu anakushusha akiwa amekushika au yuko ubavuni kwako, kina kisizidi mita 12. Umri wa kuanza ni miaka 10. Haikupi cheti, lakini inakuonyesha kama masikio yako yanatii na kama moyo unatulia. Kwa mwenye wasiwasi hapa ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 4: Chagua mwalimu kabla ya kuchagua hoteli

Vyeti vinavyojulikana zaidi pwani yetu ni vya PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi lililoanzishwa Marekani mwaka 1966, na vya mwenzake SSI. Vyote vinakubalika duniani kote, kwa hiyo usipoteze usiku ukilinganisha majina. Linganisha watu.

Fika kituoni siku moja kabla. Uliza mwalimu mmoja huchukua wanafunzi wangapi. Wanne ni idadi nzuri, wanane ni wengi kupita kiasi kwa mtu anayeanza. Uliza kama botini kuna mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza, na uombe uoneshwe. Tazama vifaa vinavyoning’inia: mpira wa kuuma kwenye regulata (kifaa unachovutia hewa mdomoni) usiwe umechanika, jaketi likijazwa upepo libaki limejaa. Kisha omba ufunguliwe hewa kidogo unuse. Hewa safi haina harufu. Ukisikia mafuta au moshi, mashine ya kujazia ina hitilafu au imewekwa karibu na bomba la moshi wa jenereta. Ondoka hapo, hata kama bei ni nusu ya kwa jirani.

Na ndani ya mtungi ni hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, oksijeni asilimia 21 na sehemu kubwa iliyobaki naitrojeni. Wengi hudhani ni oksijeni tupu. Oksijeni tupu inageuka sumu ukizidi takriban mita 6 za kina.

Gharama ya kozi ya Open Water, yaani ya cheti cha kwanza, kwenye vituo vya pwani mara nyingi huwa kati ya dola 400 na 600, pamoja na vifaa na boti. Uliza bei ya mkazi au ya raia wa Afrika Mashariki bila kuona haya. Vituo vingi wanayo na hawaibandiki ukutani. Uliza pia kama ada ya hifadhi imo ndani.

Hatua ya 5: Kozi yenyewe

Hudumu siku tatu hadi nne. Kuna nadharia, ambayo siku hizi unaisoma kwenye simu kabla ya kusafiri. Kuna mazoezi ya bwawani au maji tulivu. Na kuna mbizi nne za baharini. Ukimaliza unaruhusiwa kushuka hadi mita 18 ukiwa na mwenzako. Mtoto wa miaka 10 hadi 14 hupewa cheti cha vijana chenye masharti ya kusindikizwa na mtu mzima.

Hesabu moja ya fizikia ndiyo mama wa zote. Juu ya maji tunabeba uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, na hatuusikii. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza uzito mwingine kama huo. Kwa hiyo kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili, mita 20 mara tatu. Hewa iliyo ndani yako hubanwa ukishuka na hutanuka ukipanda. Ukishalielewa hilo, kanuni zote zinazofuata hujieleza zenyewe.

Usizuie pumzi hata mara moja. Mpiga mbizi anayeshuka kwa kifua chake bila mtungi huzuia pumzi, na hana tatizo, kwa sababu hewa aliyoingia nayo ndiyo anayotoka nayo. Wewe unavuta hewa iliyoshinikizwa ukiwa kule chini. Ukiifungia kifuani ukapanda kutoka mita 10, itataka nafasi mara mbili. Regulata, ambayo Jacques Cousteau na Émile Gagnan waliitengeneza Ufaransa mwaka 1943 kwa namna tunayoitumia mpaka leo, hukupa hewa kila unapovuta na kwa shinikizo sawa na la maji yanayokuzunguka. Kazi yako ni kuvuta polepole na kutoa polepole, bila kukoma.

Masikio yasawazishe mapema. Bana pua, puliza taratibu mpaka usikie mlio mdogo ndani. Anza ukiwa bado juu, kisha kila nusu mita ya mwanzo. Usisubiri maumivu. Likiuma, panda mita moja, jaribu tena. Likikataa, hiyo si siku yako, na mwalimu mzuri hatakununia.

Sasa zoezi linalowatoa watu machozi: kutoa maji kwenye miwani. Umepiga magoti sakafuni mwa bwawa. Mwalimu anakuonyesha uinue ukingo wa chini kidogo, maji yanaingia mpaka usawa wa macho, na pua inataka kuvuta. Usivute kwa pua. Vuta kwa mdomo kupitia regulata, mara mbili au tatu, mpaka mwili ukubali kwamba hewa ipo. Kisha kandamiza ukingo wa juu wa miwani kwenye paji la uso, tazama juu, na toa pumzi ndefu kwa pua. Maji yanatokea chini, miwani inabaki kavu. Wanaofeli hapa wengi hufeli kwa sababu ya haraka: wanatoa pumzi fupi yenye nguvu badala ya ndefu yenye utulivu. Lifanye zoezi hili mpaka likuchoshe. Pezi la mwenzako likikupiga usoni kwenye mita 15, utashukuru.

Regulata ikichomoka mdomoni, toa vipovu vidogo vidogo wakati unaitafuta ili usifunge pumzi, inamia kulia, zungusha mkono wa kulia kutoka pajani kwenda nyuma kisha mbele, na hosi itakuja yenyewe mkononi. Ukiirudisha mdomoni, puliza maji yatoke kabla ya kuvuta.

Ishara za mikono ni chache, ila kuna moja inayowapoteza watu wetu. Kidole gumba juu, ambacho mtaani ni “poa kabisa”, chini ya maji maana yake ni “tupande”. Mwalimu akikuuliza kama uko sawa na ukamwonyesha gumba, atakupandisha. “Niko sawa” ni duara la kidole gumba na cha shahada. Kiganja kinachoyumbayumba ni “kuna tatizo”, kisha onyesha lilipo: sikio, miwani, mguu.

Kinachotenganisha anayefurahia na anayeteseka ni kuelea katikati, bila kuzama wala kupanda. Hujifunzi kwa maelezo, bali kwa pumzi: vuta, subiri kidogo, mwili unainuka, toa, subiri, unashuka. Wanaoanza hubonyeza kitufe cha jaketi kila sekunde, wanajaza, wanamwaga, wanapigapiga mikono. Mwombe mwalimu akupunguzie vyuma vya mkanda mpaka kiwango unachohitaji kweli, halafu kaa mahali pamoja dakika kadhaa bila kugusa kitu. Siku ukiweza hilo, hewa yako itadumu zaidi ya ilivyokuwa.

Kabla ya kila mbizi mkaguane na mwenzako: jaketi linajaa na kumwagika, mkanda wa uzito unafunguka kwa mkono mmoja, vifungo vyote vimebana, hewa iko wazi kabisa na haina ladha. Vuta regulata mara tatu huku ukitazama geji, kipimo cha hewa iliyobaki. Sindano ikicheza, mtungi haujafunguliwa vizuri. Ukaguzi huu usiachwe hata kwa mtu mwenye mbizi elfu.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya hewa

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa. Baa 50 za mwisho ni akiba ya kurudia, usizihesabu. Zinabaki lita 1,800. Tuseme mtu aliyetulia anatumia lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 10 atatumia 40, kwa hiyo ana dakika 45. Kwenye mita 20 atatumia 60, ana dakika 30 tu. Anayeanza hutumia zaidi kwa sababu ya wasiwasi. Ndiyo maana mbizi nzuri huanza chini na kupanda kidogo kidogo, na ndiyo maana mwamba wa mita 8 wenye jua huwa na raha kuliko shimo la mita 30.

Isitoshe rangi huondoka kadiri unavyoshuka. Nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea, katika mita chache tu. Ukijikata kidole kwenye mita 20, damu utaiona ya kijani. Tochi ndogo hurudisha rangi zote mchana kweupe. Ibebe.

Kupanda ni kwa taratibu kuliko vipovu vyako vidogo. Mita 9 kwa dakika ni mwendo mzuri, kisha simama kwenye mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka, kila mbizi. Naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya shinikizo inahitaji muda wa kutoka. Ikitoka kwa pupa hugeuka mapovu kwenye damu na viungo. Hilo ndilo limewapoozesha vijana wanaozamia majongoo bahari kwa mitungi bila mafunzo katika Bahari ya Hindi: walishuka kina kirefu mara nyingi kwa siku na kupanda upesi, kwa sababu aliyewapa mitungi hakuwapa elimu.

Hatua ya 7: Chagua siku kwa upepo na kwa mwezi

Hapa mtu wa pwani ana mali ambayo mgeni hana. Wageni hutafuta “msimu mzuri” kwa jina la mwezi wa kalenda. Wewe muulize mzee yeyote wa bandarini kuhusu upepo.

Kaskazi hushika kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Maji yana joto, hufika nyuzi 29 au 30 Machi, na suti nyembamba ya milimita 3 inatosha kabisa. Kusi huanza Aprili au Mei na kuvuma kwa nguvu Juni hadi Agosti. Maji hushuka hadi nyuzi 24 au 25, ambazo baada ya mbizi ya pili zitakutetemesha. Masika huleta mvua na matope ya mito. Katikati ya kusi na kaskazi, Oktoba na Novemba, upepo hulegea, bahari huwa kama kioo, na maji ya bluu huja karibu na miamba. Wakiniuliza mimi, hiyo ndiyo miezi ya kuomba likizo.

Pepo hizi huamua pia upande. Kusi ikivuma, upande wa kaskazini na magharibi wa Unguja unajificha, na miamba iliyo mbele ya Mji Mkongwe huwa tulivu. Mafia wakati wa kusi mbizi hufanywa zaidi ndani ya Ghuba ya Chole, kwa sababu nje ya Kinasi, mlango wa ghuba hiyo, mawimbi ni makubwa. Kenya vituo vingi hupunguza kazi au hufunga kwa miezi ya kusi kali, kwa hiyo usinunue tiketi ya Watamu ya mwezi Juni kabla ya kupiga simu.

Kisha mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari yetu hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na maji yote hayo yanapita kwenye milango ya miamba. Mikondo huwa na nguvu. Kwa anayejifunza, panga kozi iangukie maji mafu, siku zile mwezi uko nusu. Kwa mwenye uzoefu, bamvua huleta samaki wakubwa kwenye milango, ila uende na kiongozi anayeijua saa. Na popote ulipo, maji yakijaa huingiza maji safi kutoka nje. Yakipwa hutoa vumbi la mikoko na mchanga. Mbizi ya maji kujaa na ya maji kupwa mahali pamoja ni kama mbizi za nchi mbili.

Anayefunga Ramadhani, ningemshauri aweke kozi baada ya Idi. Kupungukiwa maji mwilini huongeza hatari ya ugonjwa wa mgandamizo, ule wa mapovu ya naitrojeni, na siku ya kozi ni ndefu na yenye jua kali.

Hatua ya 8: Chagua mahali kulingana na ulipofikia

Kwa cheti cha kwanza, Unguja. Vituo ni vingi, boti ni za kutosha, na Mnemba ina miamba ya mteremko mpole yenye kasa, pweza, mikunga na makundi ya changu. Ubaya wake ni msongamano. Omba boti ya alfajiri, au siku ambazo si za mapumziko. Anayekaa Mji Mkongwe asidharau miamba ya karibu yake. Matumbawe ni mazuri na safari ya boti ni fupi.

Kwa Wakenya, Diani na Watamu. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa mwaka 1968 na ni miongoni mwa za mwanzo kabisa barani, na miaka hiyo ya ulinzi unaiona kwenye ukubwa wa chewa. Kisite-Mpunguti, kwa boti kutoka Shimoni, ina pomboo na maji angavu. Kaskazini ya Mombasa kuna meli ya MV Dania iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki, lakini hiyo isubiri cheti cha pili, kinachoruhusu mita 30.

Pemba ni ya baadaye, na ningependa uifikie ukiwa tayari. Kisiwa hiki kimetenganishwa na bara kwa mkondo wa kina cha mamia ya mita, kwa hiyo mwamba hauteremki taratibu. Unakatika wima na bluu inakuwa nyeusi chini ya mapezi yako. Misali, magharibi ya Chake Chake, ina kuta zilizojaa matumbawe laini na ni pole kuliko milango ya kaskazini. Mlango wa Njao ni wa watu walioshazoea mkondo: unaingia, unabebwa, boti inakufuata juu. Lazima uwe na boya la kuashiria na ujue kulirusha. Meli za kutoka Unguja hufika Mkoani, na ndege ndogo hutua karibu na Chake Chake.

Mafia ndiyo moyo wangu ulipo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ina kilomita za mraba 822, na watu wanaishi na kuvua ndani yake kwa masharti. Kinasi, mlango wa kuingia Ghuba ya Chole, huzamiwa maji yakianza kujaa. Unashuka ukutani, kisha mkondo unakuingiza ghubani polepole huku chewa wakubwa wakikutazama mapangoni mwao. Upande wa pili, Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi wapo papa potwe. Kwa potwe huvai mtungi: unaogelea juu kwa snorkeli, kando yake, mita 3 au zaidi, bila kumgusa na bila kumkatisha njia. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na anakula viumbe vidogo mno. Ndege kutoka Dar es Salaam ni fupi, na wanaotaka kubana matumizi hupanda chombo Nyamisati, Kibiti.

Wa bara wasijione wametupwa. Ziwa Tanganyika lina maji angavu na samaki wadogo wa rangi wasiopatikana kwingine popote. Lakini uso wa ziwa uko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ukizidi mita 300 majedwali ya kupiga mbizi hubadilika. Nenda na mtu aliyesomea mbizi za nyanda za juu, na waulize wenyeji kuhusu mamba.

Popote uendapo beba kitambulisho cha taifa. Ada za hifadhi kwa raia na kwa mgeni hazikaribiani, na bila kitambulisho utalipa ya mgeni.

Hatua ya 9: Adabu ya chini

Matumbawe ni wanyama walio hai. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na miamba mingi unayoiona leo ni ile iliyojijenga upya tangu hapo, sentimita chache kwa mwaka. Pezi moja la mtu asiyejua kuelea huvunja kazi ya miaka. Kwa hiyo usishike, usisimame juu yake, usimkimbize kasa, usinunue kombe ufukweni. Funga geji na hosi ya akiba kifuani zisiburute.

Na umjue samaki aitwaye kikande mkubwa wakati wa kutaga. Anachimba shimo mchangani na kulilinda, na eneo lake hutanuka kuelekea juu. Akikujia kwa kasi huku amesimamisha mwiba wa mgongoni, silika inakwambia upande, na ukipanda unabaki ndani ya eneo lake. Ogelea kwa ubavu, karibu na chini, mapezi yakiwa kati yako na yeye, mpaka aridhike.

Kijana wa Kizimkazi au Wasini anayesoma hapa, fahamu kwamba kuna ajira pia. Ngazi ya Divemaster, yaani kiongozi wa mbizi, huanza ukiwa na miaka 18 na mbizi 40, na hukamilishwa na mbizi 60, baada ya mafunzo ya uokoaji na huduma ya kwanza. Vituo vingine hufundisha wenyeji kwa mkataba wa kufanya kazi. Ulizia, na usome mkataba vizuri.

Hatua ya 10: Kurudi nyumbani

Ukipiga mbizi moja tu, usipande ndege kabla ya muda wa saa 12 kupita. Ukipiga kadhaa, ziwe saa 18 angalau. Mimi naacha 24. Hili wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba mlima ni sawa na ndege. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Arusha na Lushoto kwenye mita 1,400 hivi. Ukitoka majini Diani mchana na kupanda treni ya SGR ya jioni, mwili wako unapandishwa mwinuko ule ule unaokatazwa angani. Weka siku ya mwisho iwe ya nchi kavu: tembea Mji Mkongwe, Fort Jesus, Chole, suuza vifaa kwa maji yasiyo na chumvi, jaza daftari lako la mbizi kina, muda na hewa iliyobaki.

Bima nyingi za safari hazigusi kupiga mbizi. Chukua ya wapiga mbizi, kama ya DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, na namba yake ya dharura iandike kwenye karatasi pia, si kwenye simu tu. Baada ya kutoka majini, hata saa kadhaa baadaye, ukisikia viungo vinauma bila sababu, ganzi, miguu kulegea, kizunguzungu, vipele au uchovu usio wa kawaida, usimeze dawa ya maumivu ukalale, wala usirudi majini ukidhani utapona. Mwambie kiongozi wako hapo hapo, ulale chali, uvute oksijeni tupu ya botini kwa barakoa, na mpige ile namba wakuelekeze kwenye chumba cha shinikizo kilicho karibu.